Wageni Mashuhuri Kwenye Vipindi vya Vichekesho vya Usiku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Klipu za vipindi hivi hutufikia asubuhi, tukiwa kwenye daladala au matatu: mwigizaji amekaa kwenye kochi, mwendesha kipindi yuko nyuma ya dawati, ukumbi mzima unacheka. Ni suala la saa tu. Vipindi vikubwa vya Marekani huanza saa tano na dakika 35 usiku kwa saa za New York, na wakati huo Nairobi na Dar es Salaam kumeshakucha. Haya hapa ndiyo maswali ambayo watazamaji wa klipu hizo huuliza zaidi. Nimejikita Marekani kwa kuwa huko ndiko mtindo huu ulikozaliwa na kukomaa, kisha nimegusia Uingereza na huku kwetu.

Mtindo huu ulianza lini?

The Tonight Show ya kituo cha televisheni cha NBC ilianza tarehe 27 Septemba 1954, mwendesha kipindi akiwa Steve Allen. Baada yake alikuja Jack Paar mwaka 1957, na huyo ndiye aliyeyafanya mazungumzo na wageni kuwa moyo wa kipindi. Kisha akaja Johnny Carson, aliyekaa tangu tarehe 1 Oktoba 1962 hadi tarehe 22 Mei 1992. Vichekesho vya kusimama peke yake mwanzoni, bendi pembeni, msaidizi wa kumchekea, dawati, kochi, wageni wawili au watatu, halafu muziki mwishoni: mpangilio huo Carson aliufanya kuwa sheria. Mtazame Jimmy Fallon leo, aliyeshika usukani wa kipindi hicho hicho Februari 2014, utauona karibu wote ungali pale pale.

Wageni hupatikanaje? Wanaomba au wanaombwa?

Yote mawili. Kila kipindi kina watu ambao kazi yao ya kutwa ni kusaka wageni. Wanajua filamu gani inatoka mwezi ujao, albamu gani, kitabu gani, nani amechaguliwa kuwania tuzo. Upande wa pili wako wasemaji wa mastaa, nao wanajua kipindi gani kina watazamaji gani. Hapo ndipo mabishano yanapoanza: msemaji wa nyota mkubwa atataka mteja wake atoke wa kwanza, na mara nyingi vipindi vikubwa vinavyoshindana havitaki mgeni aliyetoka kuonekana kwa mpinzani wiki hiyo hiyo. Mchekeshaji chipukizi hana nguvu hiyo. Yeye hutuma kazi zake, hutazamwa vilabuni na prodyuza, na huenda akasubiri miaka.

Je, wanalipwa?

Ndiyo, lakini kidogo mno ukilinganisha na umaarufu wao. Vyama vya waigizaji na watangazaji nchini Marekani vimeweka kiwango cha chini anachopaswa kulipwa mtu anayeonekana kwenye kipindi cha aina hii, nacho ni mamia machache tu ya dola. Nyota anayelipwa mamilioni kwa filamu moja hupokea hundi hiyo hiyo. Hoteli, gari, nguo na mekapu mara nyingi hugharimiwa na kampuni ya filamu anayokuja kuitangaza. Malipo halisi ni zile dakika za kuzungumza na taifa zima bila kununua tangazo.

Mgeni anayajua maswali kabla?

Hili ndilo swali linalowachoma watu zaidi, na jibu lake huwavunja moyo wengi. Ndiyo, kwa kiasi kikubwa anajua.

Siku chache kabla ya kurekodi, prodyuza humpigia mgeni simu. Wanaongea kirefu. Umesafiri wapi karibuni? Watoto hawajambo? Kuna kisa chochote kilichotokea mkiwa kwenye seti? Wazazi wako walisemaje walipokuona kwenye filamu? Prodyuza huandika, huchuja, na mwishowe hubaki na visa vitatu au vinne vinavyofaa. Hivyo ndivyo vinavyoandikwa kwenye kadi ambazo mwendesha kipindi huziweka mezani mbele yake.

Ukishalijua hilo, utaanza kuusikia mlango ukifunguliwa. Mwendesha kipindi akisema, "Nasikia hupatani kabisa na farasi," jua kuna kisa cha farasi kinakuja, na mgeni amekuja nacho kutoka nyumbani. Kipande kimoja cha mazungumzo ni dakika sita au saba hivi. Mtu asiyejiandaa atazimaliza zote akijiumauma, na watazamaji watabadilisha stesheni.

Mimi siuoni huu kuwa udanganyifu. Bibi anayesimulia hadithi ya sungura na fisi amekwisha kuisimulia mara nyingi, na bado watoto wanatoa macho. Usanii uko kwenye namna ya kuitoa ionekane mbichi, na zaidi uko kwenye kuiacha pale kitu bora kinapojitokeza chenyewe. Craig Ferguson, Mskoti aliyeendesha The Late Late Show ya CBS kuanzia 2005 hadi 2014, alikuwa na tabia ambayo nampendea hadi leo: mgeni akishakaa tu, Ferguson alizichukua zile kadi, akazirarua mbele yake, akazitupa. Baada ya hapo ilikuwa watu wawili wanaongea. Siku nyingine mazungumzo yalipotea njia kabisa. Siku nyingine yalikuwa bora kuliko chochote ambacho prodyuza angeweza kukipanga kwa simu.

Kwa nini mwendesha kipindi ana dawati na mgeni anakaa pembeni?

Dawati linamwonyesha mwenye nyumba, na pia linaficha kadi na kikombe chake. Kochi likawa refu kwa sababu zamani wageni hawakuondoka. Mgeni wa kwanza akimaliza alisogea, wa pili akakaa karibu na dawati, na wote wakaendelea kuchangia. Siku hizi wengi huondoka mara baada ya sehemu yao kwa kuwa ratiba zimebana, na naona hapo kuna kitu kimepotea.

Vipindi hivi ni mubashara?

Vingi si mubashara. Hurekodiwa alasiri au jioni mbele ya hadhira, kisha kurushwa usiku ule ule. Jimmy Kimmel Live! ya ABC ilikuwa mubashara kweli ilipoanza Januari 2003. Baadaye ikaanza kurekodiwa, jina likabaki.

Mwanya huo wa saa chache una uzito wake. Tarehe 19 Machi 2009 Barack Obama alikwenda kwa Jay Leno, aliyekuwa akiendesha The Tonight Show wakati huo, akawa rais wa kwanza wa Marekani aliye madarakani kuketi kwenye kipindi cha mazungumzo cha usiku. Wakiwa wanataniana kuhusu mchezo wa bowling anaoucheza Ikulu, Obama aliufananisha uchezaji wake mbovu na Special Olympics, yaani mashindano ya watu wenye ulemavu wa akili. Ukumbi ulicheka. Lakini kabla kipindi hakijaruka hewani, akiwa kwenye ndege yake, alishampigia simu mwenyekiti wa Special Olympics kuomba radhi. Watazamaji nyumbani walipoisikia ile kauli, radhi ilikuwa imekwisha kuombwa.

Nani anatoka wa kwanza, na kwa nini wa mwisho wakati mwingine haonekani?

Mwenye jina kubwa zaidi hutoka kwanza na kwa kawaida hupewa vipande viwili, kabla na baada ya matangazo ya biashara. Wa pili hupata kimoja. Mchekeshaji au mwandishi wa vitabu akiwekwa mwisho, ndiye anayekatwa muda ukiisha. Anakuwa ameshapakwa mekapu, amekaa kwenye chumba cha kusubiria, familia imeambiwa itazame, kisha prodyuza anakuja kumwambia pole, utarudi siku nyingine.

Kimmel aliugeuza uchungu huo kuwa utani wa miaka mingi. Kila usiku anapoaga humwomba radhi mwigizaji Matt Damon kwa kuwa muda umeisha, ingawa Damon hakuwepo kabisa. Tarehe 24 Januari 2013 Damon alilipa kisasi: alimfunga Kimmel kwenye kiti, akamziba mdomo, akaendesha kipindi kizima yeye mwenyewe na kuleta mastaa kibao.

Kukatwa kwingine hakukuwa na utani. Tarehe 1 Oktoba 1993 mchekeshaji Bill Hicks alirekodi kwenye Late Show ya David Letterman, akagusa dini na wanaharakati wanaopinga utoaji mimba, na sehemu yake yote ikaondolewa kabla ya kurushwa. Hicks alikuwa anaugua saratani ya kongosho, akafariki Februari 1994 akiwa na miaka 32. Mwaka 2009 Letterman alimwalika mama yake, Mary Hicks, akamketisha kwenye kiti cha wageni, akamwomba radhi mbele ya taifa, na akaonyesha kipande chote bila kukata neno. Mama yule aliketi wima, akajibu kwa upole, lakini hakumrahisishia. Nawasihi watu waitazame siku hiyo. Kuomba radhi hadharani kwa namna ile, baada ya miaka 15, ni nadra kwenye televisheni.

Nimesikia kwamba Carson "alimwita mtu kwenye kochi". Maana yake nini?

Mchekeshaji mgeni kwa Carson alisimama mbele ya pazia, akafanya vichekesho vyake kwa dakika tano au sita, akainama, akaondoka. Hilo pekee lilikuwa fanaka. Ila kama Carson alifurahi kupita kawaida, alimpungia mkono aje aketi. Asubuhi yake simu za mameneja zilianza kulia. Freddie Prinze aliitwa siku yake ya kwanza, Desemba 1973, na mwaka uliofuata akawa na kipindi chake cha televisheni. Drew Carey aliitwa mwaka 1991.

Usiku ninaoupenda zaidi ni wa Ellen DeGeneres, Novemba 1986. Miaka kadhaa kabla, mpenzi wake alikuwa amefariki kwenye ajali ya gari. Ellen alihamia chumba cha chini ya ardhi, akalala kwenye godoro sakafuni, na chumba kilijaa viroboto. Akiwa pale alijiuliza kwa nini msichana yule amechukuliwa na viroboto wameachwa, na akaandika kisa cha mtu anayempigia Mungu simu kumuuliza viroboto ni vya nini. Aliposimama mbele ya Carson alikuwa na kile kisa. Anashika simu ambayo haipo. Anasubiri. Anapisha ukimya kama mtu anayesikiliza upande wa pili. Anacheka kidogo kwa utani ambao Mungu amemtolea. Alipomaliza, Carson alimwita. Alikuwa mchekeshaji wa kwanza mwanamke kuitwa kwenye kochi siku yake ya kwanza, baada ya Carson kukaa pale miaka 24. Ukitazama dakika zile bila kujua habari ya ajali, utacheka. Ukiijua, utacheka na kunyamaza kwa wakati mmoja.

Mgeni akiharibu kipindi, mwendesha kipindi hufanya nini?

Inategemea ni nani nyuma ya dawati. Letterman alikuwa hodari kuliko wote kwa usiku ulioharibika. Tarehe 11 Februari 2009 Joaquin Phoenix aliingia na ndevu ndefu, miwani meusi na chingamu mdomoni, akajibu kila swali kwa neno moja au mawili, akasema anaacha uigizaji aimbe hip hop. Kadi zote za prodyuza zikawa karatasi tupu. Letterman hakukasirika wala kujifanya mambo ni shwari. Aliicheza ile aibu yenyewe, na mwishoni akamwambia, "Joaquin, nasikitika hukuweza kuwa nasi leo." Ilikuja kufahamika kwamba Phoenix alikuwa akiigiza kwa ajili ya filamu iliyotoka mwaka 2010. Lakini lile jibu lilizaliwa pale pale.

Mwaka 1982, kipindi cha Letterman kilipokuwa bado kichanga NBC, mpiganaji mieleka Jerry Lawler alimzaba mchekeshaji Andy Kaufman kofi hadi akaanguka kutoka kitini. Wengi waliamini ugomvi ni wa kweli, na ilichukua miaka mingi kujulikana kwamba wawili wale walikuwa wakishirikiana.

Kuna wageni waliopigwa marufuku?

Wapo, na kisa kizito kuliko vyote ni cha Joan Rivers. Alitokea kwa Carson mara ya kwanza mwaka 1965, na Carson akamwambia hewani kwamba atakuwa nyota. Akawa. Kufikia 1983 alikuwa mtu rasmi wa kumshikia Carson nafasi kila alipokuwa likizo. Mwaka 1986 kituo kipya cha Fox kilimpa Rivers kipindi chake mwenyewe, saa zile zile za usiku. Carson alizipata habari kwa watu wengine. Rivers alipompigia, Carson alikata simu, na hawakuzungumza tena hadi Carson alipofariki mwaka 2005.

Marufuku iliendelea hata Carson alipostaafu. Leno hakumwalika. Ilidumu hadi usiku wa kwanza wa Fallon, tarehe 17 Februari 2014, Rivers alipoingia kwa sekunde chache tu miongoni mwa mastaa waliokuja kumlipa Fallon dola 100 za utani. Mwezi uliofuata alirudi kama mgeni kamili, akakaa kitini. Alikuwa na miaka 80, na alifariki Septemba mwaka huo huo.

Nani alikuwa na haki? Carson alihisi kusalitiwa na mtu aliyemlea, na hisia hiyo naielewa. Lakini Rivers mwenyewe alieleza kwamba aliona jina lake halimo kwenye orodha ya watu ambao NBC iliwafikiria kumrithi Carson. Mwanamke aliyejaza ule ukumbi kila aliposhika nafasi hakuwa hata akihesabiwa. Mimi niko upande wake.

Wanasiasa wanafuata nini huko?

Watu wasiotazama taarifa ya habari. Bill Clinton, akiwa mgombea, aliingia kwenye kipindi cha Arsenio Hall tarehe 3 Juni 1992 na miwani meusi akapuliza saksafoni. Arsenio alikuwa Mmarekani mweusi aliyejizolea vijana ambao Carson hakuwa nao, na Clinton alijua anakwenda kwa nani. Baada ya hapo kila mgombea akaona kochi ni kituo cha lazima.

Kulikwepa nako kuna gharama. Septemba 2008, katikati ya mtikisiko wa mabenki, mgombea urais John McCain alimpigia Letterman kusema hawezi kuja kwa kuwa anakimbilia Washington. Kipindi kikiwa kinarekodiwa, Letterman aligundua kwamba McCain bado yuko New York, anapakwa mekapu kwa mahojiano na Katie Couric wa kituo hicho hicho cha CBS. Akaonyesha picha hizo papo hapo, akauliza kama anahitaji lifti ya kwenda uwanja wa ndege. Alimsema wiki kadhaa. McCain alikuja Oktoba na kukiri kwamba amekosea.

Usiku gani mgeni alibadilisha kitu nje ya studio?

Nitataja mmoja. Tarehe 7 Novemba 1991 mcheza kikapu Magic Johnson alitangaza kwamba ana virusi vya UKIMWI na anastaafu. Kesho yake usiku alikuwa kwa Arsenio Hall, rafiki yake. Hadhira ilisimama ikapiga makofi ambayo hayakutaka kuisha. Hakuja kutangaza filamu. Alikuja kuwaambia vijana wajikinge. Ukiitazama leo kuna jambo linauma: aliposema yeye si shoga, ukumbi ulishangilia, na shangwe ile iliwaumiza watu waliokuwa wakizika wapenzi wao. Yote yalikuwa ndani ya usiku mmoja, ujasiri na unyanyapaa.

Kwetu Afrika Mashariki hili lilikuwa limetangulia. Mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alijitokeza mwaka 1989, miaka miwili kabla ya Magic, akasema ana UKIMWI, akazunguka mashuleni na makanisani hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Yeye hakuwa na kochi wala bendi.

Na usiku wa majonzi?

Tarehe 30 Oktoba 2002, Letterman alimpa mwanamuziki Warren Zevon kipindi kizima, bila mgeni mwingine. Zevon alikuwa ameambiwa ana saratani ya mapafu isiyotibika. Wawili hao walijuana miaka mingi, na Zevon alikuwa akiongoza bendi ya kipindi pale kiongozi wake Paul Shaffer alipokuwa safarini. Walitaniana. Zevon alisema huenda alifanya kosa la kimkakati kwa kutokwenda kwa daktari kwa miaka 20. Letterman akamuuliza kama sasa anajua jambo kuhusu maisha na kifo ambalo sisi wengine hatulijui. Zevon akajibu kwamba anachojua ni namna unavyopaswa kufurahia kila sandwichi.

Akaimba nyimbo tatu, sauti ikiwa imechoka. Baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, alilifunga gitaa lake kwenye kasha, akampa Letterman na kumwambia alitunze. Letterman, mtu ambaye wageni walimwogopa kwa ukali wa ulimi, amesimulia kwamba alilia. Zevon alifariki Septemba 2003.

Waigizaji wakigoma inakuwaje?

Tuliona mwaka 2023. Waandishi waligoma tarehe 2 Mei, na vipindi vikazimika mara moja, maana vichekesho vya mwanzo ni kazi yao. Waigizaji wakafuata Julai. Waandishi walipopatana na vipindi kurejea tarehe 2 Oktoba, waigizaji walikuwa bado kwenye mgomo na hawakuruhusiwa kutangaza filamu. Kwa hiyo Kimmel alianza na Arnold Schwarzenegger, na Fallon akaanza na Matthew McConaughey, wote wakiwa na vitabu mkononi. Stephen Colbert, wa The Late Show ya CBS, alimleta mwanafizikia wa anga Neil deGrasse Tyson. Mgomo wa waigizaji uliisha Novemba.

Kwa nini kipindi cha Graham Norton huchekesha zaidi?

Kwa sababu wageni wote hutoka pamoja na kukaa kochi moja tangu mwanzo hadi mwisho, vinywaji mkononi. Kipindi hicho cha BBC kilianza Februari 2007. Mwigizaji mkubwa wa Marekani hujikuta amebanwa kati ya mchekeshaji wa Uingereza na mwanamuziki, na kisa cha mmoja huchokoza kisa cha mwingine. Hapo mazoezi ya simu hayasaidii sana, itabidi usikilize wenzako. Mwishoni watazamaji wa kawaida huketi kwenye kiti chekundu na kusimulia kisa chao, na kikiboa, Norton huvuta mpini na mtu hupinduka miguu juu. Ninakiona kuwa mpangilio bora kuliko wa Marekani.

Waafrika wamefika kwenye makochi haya?

Wamefika, pande zote mbili za dawati. Lupita Nyong'o amekuwa mgeni wa mara kwa mara tangu aliposhinda Oscar Machi 2014. Trevor Noah kutoka Afrika Kusini alikalia kiti cha The Daily Show kuanzia Septemba 2015 hadi Desemba 2022. Na Februari 2018, kwa Fallon, mashabiki weusi waliletwa mmoja mmoja mbele ya bango la Black Panther waeleze filamu hiyo ina maana gani kwao, wasijue kwamba Chadwick Boseman, mwigizaji wake mkuu, amejificha nyuma ya pazia anawasikia. Alipotokeza, wengine walipiga kelele, wengine walimkumbatia wasimwachie. Boseman alifariki Agosti 2020.

Na huku kwetu?

Tuna mtindo wetu. Kenya, Churchill Show ya Daniel Ndambuki imewachanganya wachekeshaji wa jukwaani na mahojiano ya mastaa. Larry Madowo alitawala Ijumaa usiku na The Trend ya NTV kabla ya kwenda BBC na CNN, na Dr King'ori akaleta The Wicked Edition. Tanzania, Salama Jabir na Mkasi ya EATV alijulikana kwa maswali yasiyozunguka, naye Zamaradi Mketema alikuwa na Take One ya Clouds TV. Tunachokosa ni bajeti ya kila usiku: timu ya waandishi na ya kutafuta wageni inayolipwa mwaka mzima. Mwendesha kipindi wetu mara nyingi hujitafutia wageni mwenyewe kwa simu yake.

Naweza kuingia ukumbini nikiwa safarini?

Ndiyo. Tiketi ni za bure, huombwa mapema mtandaoni. Fallon hurekodi Rockefeller Plaza, New York, na Kimmel Hollywood. Vaa nguo nzito, studio huwa na baridi. Letterman alitaka ukumbi wake uwe wa nyuzi joto 13 hivi, akiamini hadhira yenye baridi hucheka vizuri zaidi.

Je, vipindi hivi vinakufa?

Vinapungua. James Corden wa The Late Late Show aliaga Aprili 2023, na Julai 2025 CBS ilitangaza kwamba The Late Show ya Stephen Colbert itafika mwisho Mei 2026, ikitaja sababu za kifedha. Mastaa nao wamepata kwingine pa kwenda: podikasti ya Conan O'Brien, aliyewahi kuendesha vipindi hivi, aliyoianza 2018, au Hot Ones, kipindi cha YouTube ambako Sean Evans huwauliza maswali huku wakila mabawa ya kuku yenye pilipili inayozidi ukali. Podikasti inampa mgeni saa nzima, na hilo ni jema. Kinachoniuma ni kwamba chipukizi hana tena mahali pamoja ambapo dakika sita zinaweza kumtambulisha kwa nchi nzima.

Nikitaka kumwona mgeni bora kabisa, nimtazame nani?

Mwigizaji Bill Murray kwa Letterman. Alikuwa mgeni wa kwanza kipindi kilipoanza NBC tarehe 1 Februari 1982, na wa kwanza tena kilipohamia CBS tarehe 30 Agosti 1993. Miaka yote hiyo hakuja kuketi tu: alikuja na mavazi, na mbinu, na nguvu ya mtu anayeona usiku huo ni wake pia. Tarehe 19 Mei 2015, siku moja kabla Letterman hajaaga, Murray alikuwa mgeni wake wa mwisho wa kuketi kitini. Aliingia kwa kuibuka kutoka ndani ya keki kubwa, sukari imemganda mwili mzima, akaenda kuwakumbatia watu.